Siku moja kati ya kibanda cha vinywaji na darasa la uendelevu

Saa kumi na moja na nusu alfajiri simu inalia, na huku nje bado ni giza. Kwetu Mombasa ni saa sita na nusu mchana, na mama amekwisha kurudi kutoka soko la Kongowea. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, umeamka salama?" Ananieleza bei ya nyanya na ya embe, nami ninavaa sare huku nikimsikiliza, kwa sababu basi la kwanza halinisubiri.

Ninaishi Kissimmee, mji ulio kusini mwa Orlando katika jimbo la Florida, na huu ni mwaka wangu wa pili nikihudumu katika kibanda cha vinywaji ndani ya Disney's Animal Kingdom, bustani ya burudani na wanyama ya kampuni ya Disney. Jioni mbili kwa juma ninasoma somo la uendelevu wa mazingira katika chuo cha jamii, na ada yangu hulipwa na mpango wa masomo ambao kampuni iliuanzisha mwaka 2018 kwa wafanyakazi wanaolipwa kwa saa. Bila mpango huo nisingethubutu hata kuulizia fomu.

Saa moja asubuhi ninaingia Harambe, kijiji cha kubuni ndani ya bustani hiyo, ambacho waliokichora waliiga majengo ya Lamu: kuta zilizopakwa chokaa na kuchubuliwa makusudi ili zionekane zimekula chumvi ya bahari, na mabango yaliyoandikwa kwa Kiswahili. Njiani ninapita duka liitwalo Mombasa Marketplace. Miezi ya mwanzo jina hilo lilinitia simanzi kila asubuhi. Siku hizi ninalisalimu kimoyomoyo na kuendelea na safari yangu.

Kuanzia hapo hadi milango ifunguliwe ni kazi ya mikono: kujaza barafu, kupanga vikombe, kufuta kaunta, kufungua katoni la mirija ya karatasi. Katoni la vifuniko halipo. Bustani hii ilifunguliwa tarehe 22 Aprili 1998, Siku ya Dunia, na tangu mwanzo haikutoa mirija ya plastiki, kwa kuwa kitu chepesi kikipeperushwa na upepo hadi kwenye boma la wanyama kinaweza kumezwa. Kwa sababu hiyohiyo vinywaji baridi vya kibanda chetu hutoka bila kifuniko.

Saa tano jua limepanda na foleni imefika kwenye kivuli cha mti. Sasa ndipo linapokuja swali ninalolijibu kuliko lolote jingine: kifuniko kiko wapi? Leo ameniuliza mama mmoja aliyemshika mkono mtoto wa umri wa miaka mitano hivi, naye hakuuliza kwa ubaya, ila alihofia kinywaji kitamwagika. Nilimwonyesha bata waliokuwa wakiokota makombo chini ya meza iliyo karibu, nikamwambia kwamba bata hajui tofauti ya kombo na kipande cha plastiki. Mtoto aliwatazama bata, akakikumbatia kikombe kwa mikono miwili, akaenda hatua kwa hatua kama aliyebeba yai. Nimeona jambo hili mara nyingi: mtu akipewa kanuni tupu hunung'unika, lakini akionyeshwa kiumbe ambacho kanuni inakilinda, hukubali hata kabla hujamaliza kueleza.

Baada ya robo saa hivi mtoto alirudi kunionyesha mrija wake. Ncha iliyokaa mdomoni ilikuwa imelainika, na tabaka za karatasi zilikuwa zikifunguka kwa mzunguko, kama ukili unaofumuka. Nilimpa mwingine bila kufikiri, na mkono ulipokwisha kunyooka ndipo nilipokumbuka kurasa zilizokuwa zikinisubiri kwenye mapumziko.

Mapumziko ni saa saba na nusu, na ninayatumia kula wali wa jana na kusoma. Mada ya juma hili ni tathmini ya mzunguko wa maisha wa bidhaa, yaani kuihesabia bidhaa madhara yake yote, kuanzia malighafi ilikochimbwa au kukatwa, kupitia kiwandani na barabarani, hadi inapotupwa. Nilifungua sura hiyo nikiwa na hakika kwamba ingenisifu. Badala yake nimesoma kwamba karatasi nayo ina deni lake: hula miti, maji mengi na nishati, na ikifukiwa jaani mahali pasipo na hewa, vijidudu huiozesha na kutoa gesi ya methani, ambayo kwa kipindi cha miaka 100 hupasha dunia joto takriban mara 28 kuliko uzito uleule wa kaboni dioksidi. Plastiki ikifukiwa hukaa tu, kwa miaka na miaka. Nimekiri moyoni kwamba kwa mwaka mzima nilikuwa nikigawa mirija ya karatasi kama mtu anayegawa sadaka.

Saa tisa mvua ya radi imeshuka, kama ilivyo ada ya Florida wakati wa kiangazi, na wageni wamekimbilia chini ya mapaa. Ilipopungua nilikwenda na koleo na ndoo kusafisha mfereji ulio mbele ya kibanda. Nilikuta mirija minne. Mitatu ilikuwa ya karatasi, na nilipoigusa ilikatika vidoleni ikawa uji. Wa nne ulikuwa wa plastiki, bila shaka uliingia ndani ya mkoba wa mtu, nao ulikuwa mzima kabisa, hata mistari yake myekundu haikufifia. Nilisimama na ule mrija mkononi kwa muda. Kitabu hakikukosea kuhusu jaa, na waliotunga kanuni hii mwaka 1998 hawakukosea kuhusu mfereji, maana kila mmoja alikuwa akitazama mwisho tofauti wa kitu kilekile.

Zamu imekwisha saa tisa na nusu. Safari ya basi sina la kuisimulia, nililala.

Saa kumi na mbili na nusu jioni darasa limeanza. Niliwasimulia wenzangu habari ya mfereji, na mwanafunzi mmoja anayefanya kazi hotelini akauliza mbona basi tusirudi kwenye plastiki kama karatasi nayo ina madhara. Mwalimu hakumjibu moja kwa moja. Alituletea ripoti ya mwaka 2011 ya Wakala wa Mazingira wa Uingereza, iliyokadiria kwamba mfuko wa pamba lazima utumike mara 131 ndipo mchango wake katika ongezeko la joto ushuke chini ya ule wa mfuko wa plastiki uliotumika mara moja tu. Darasa liliguna. Kisha akauliza: ni nani kati yenu anakijua chombo kilichokwisha kupita mara 131?

Nilinyosha mkono. Niliwaeleza kwamba Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, Kenya tarehe 28 Agosti 2017 na Tanzania bara tarehe 1 Juni 2019, na kwamba Kenya ilipopiga marufuku, nyumbani kwetu hakuna kilichobadilika sana, kwa kuwa mama alikuwa akienda sokoni na kikapu cha ukindu tangu mimi nikiwa shule ya msingi. Kwa hiyo karatasi na plastiki si swali la kwanza. Swali la kwanza ni kama kitu kinahitajika, na la pili ni kitatumika mara ngapi.

Saa nne usiku ninaandika zoezi la juma hili, linalotutaka tupendekeze badiliko moja dogo kazini. Pendekezo langu ni kwamba mrija usiwekwe kwenye kikombe wala kaunta, bali mgeni aombe, na sisi tumpe kwa furaha akiomba. Kesho nitamweleza msimamizi wa zamu, na nitaanza kuhesabu mirija inayobaki katika katoni kila jioni.

Hesabu moja tu imenipungukia. Saa nne na nusu, alfajiri huko Mombasa, nimempelekea mama ujumbe wa sauti kumuuliza kikapu kile kina miaka mingapi. Amejibu kabla sijazima taa: kina miaka kumi na minne, mkono wake umeshonwa upya mara mbili, na leo kinarudi Kongowea.