Uzoefu wangu: jinsi ya kuibana wilaya mpaka itoe mpango wake wa tabianchi

Ushauri ulionichosha kuliko wote ni ule wa "kusanyeni sahihi mumpelekee mbunge". Watu huutoa kwa moyo safi kila mlima unapoporomoka. Ulitolewa baada ya maporomoko ya Nametsi kule Bududa, mashariki mwa Uganda, Machi 2010. Ukarudiwa mito ya Nabuyonga na Namatala ilipofurika Mbale mwishoni mwa Julai 2022, na ukarudiwa tena baada ya maporomoko ya Bulambuli, Novemba 2024. Sisi wa miteremko ya Mlima Elgon tuliufuata, na yaliyotokea nitayasimulia polepole, kwa sababu vikundi vingi bado vinaelekezwa njia hiyohiyo.

Waraka tulioandikiwa na washauri hao ulikuwa mtamu kusoma. Ulidai mafuta ya Ziwa Albert yabaki ardhini, wanaoishi chini ya nyufa za mlima wahamishwe kwa heshima, na miti ipandwe kingo za mito. Sahihi zikajaa kurasa kwa kurasa. Wizara ya kwanza ikajibu kwamba mafuta hayako chini yake. Ya pili ikasema maafa yana ofisi yake. Ofisi hiyo ikasema miti ni kazi ya wilaya, na wilayani tukaambiwa waraka haukuelekezwa kwao, wao wamepata nakala tu. Hakuna aliyedanganya. Madai matatu yalikuwa na wenyewe watatu, kwa hiyo kila ofisi iliona sehemu isiyoihusu na ikausukuma waraka mbele. Tena hakuna dai hata moja lililotaja sheria inayomlazimisha anayeombwa, wala siku ya mwisho ya kujibu. Waraka usio na siku ya mwisho hauwezi kuchelewa.

Hasira iliyouzaa waraka ule ni ya haki kabisa. Mafuta yalithibitishwa mwaka 2006, uamuzi wa mwisho wa uwekezaji ukatangazwa Februari 2022, na Januari 2023 uchimbaji wa visima ukazinduliwa Kingfisher, kando ya Ziwa Albert. Desemba ya mwaka huohuo, kwenye mkutano wa tabianchi wa Umoja wa Mataifa huko Dubai, nchi zote, Uganda ikiwemo, zilikubali kwa maandishi kuanza kuachana na nishati ya kisukuku. Bomba la mafuta la kilomita 1,443 kwenda Chongoleani, Tanga, likaendelea kujengwa. Ukimuuliza kiongozi, atakuambia uchafuzi wa Uganda ni mdogo mno ukilinganisha na wa dunia. Hilo ni kweli, lakini halimwambii mtu wa Bududa alale wapi mvua ya Mei ikianza, na halielezi kwa nini wilaya yake haina shilingi hata moja ya kuchimba njia ya maji.

Kwa hiyo tuliachana na sahihi, tukashika sheria mbili.

Ya kwanza ni Sheria ya Taifa ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2021. Imeupa Mkataba wa Paris nguvu ya sheria ndani ya nchi, na imelitaka kila baraza la wilaya liwe na mpango wake wa utekelezaji wa masuala ya tabianchi. Inamruhusu pia mtu kwenda Mahakama Kuu dhidi ya serikali, kampuni au mtu yeyote ambaye kitendo chake, au kutotenda kwake, kunahatarisha juhudi za kukabiliana na tabianchi. Ya pili ni Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2005, na hii ndiyo iliyofanya kazi nzito. Raia yeyote anaweza kuomba waraka ulio mikononi mwa chombo cha umma, na hawajibiki kueleza anautakia nini. Ofisi ina siku 21 za kujibu. Inaweza kuongeza muda mara moja tu, tena kwa taarifa ya maandishi. Ikikaa kimya, ukimya huo kisheria ni kukataa, na unaweza kulalamika kwa Hakimu Mkuu. Zitaje sheria hizi kwa jina na mwaka, usitegemee namba za vifungu: toleo jipya la sheria za Uganda lililoanza kutumika Julai 2024 limezibadilisha nyingi, na karani akiona namba isiyolingana na kitabu chake ataitumia kukurudisha nyumbani.

Mwenye wajibu wa kutoa habari wilayani ni mkuu wa chombo, yaani ofisa mtendaji mkuu wa wilaya (CAO). Usimpe ofisa maliasili ombi hata kama ndiye anayelijua jambo na ni rafiki yako. Mpe nakala tu. Jaza fomu iliyo kwenye kanuni za 2011 za Sheria ya Upatikanaji wa Habari, ambatisha barua fupi na fotokopi ya kitambulisho cha taifa. Ada ni kama shilingi elfu ishirini za Uganda, na fotokopi zao huwa juu yako. Ukidaiwa pesa mkononi, omba namba ya malipo, ulipe benki na ubaki na risiti. Mzee asiyejua kuandika anaweza kutoa ombi kwa mdomo, na ofisi inalazimika kuliandika na kumpa nakala. Hilo watu wengi hawalijui, na lina nguvu kubwa pale bibi aliyepoteza shamba anaposimama mwenyewe mbele ya dirisha la masijala.

Peleka nakala mbili. Moja ibaki kwao, nyingine igongwe muhuri wenye tarehe na uondoke nayo. Karani akisema muhuri uko kwa bosi, toa daftari lako la kukabidhi barua, aandike jina lake, cheo, tarehe na saa, kisha atie sahihi. Akikataa hata hilo, nenda posta ukaitume kwa rejista. Risiti ya posta ina tarehe. Ninasisitiza tarehe kwa sababu kesi kubwa zimefia hapo. Mashirika manne yalipeleka kesi ya bomba katika Mahakama ya Afrika Mashariki mwezi Novemba 2020, na tarehe 29 Novemba 2023 ikatupwa kwa kuwa ilifunguliwa nje ya miezi miwili inayoruhusiwa na mkataba wa Jumuiya. Hoja za tabianchi hazikuamuliwa kabisa.

Sasa maneno ya ombi lenyewe. Washauri wetu walitaka tuombe "taarifa zote kuhusu mabadiliko ya tabianchi". Ombi kama hilo linajibiwa kwa kalenda ya wizara na hotuba ya mgeni rasmi. Omba waraka ambao hauwezi kukosekana. Wilaya haipati pesa za robo mwaka kutoka Kampala bila kutuma ripoti ya utekelezaji ya robo iliyotangulia. Kwa hiyo, pamoja na mpango wa tabianchi, tuliomba mpango kazi wa mwaka, ripoti za robo zote nne za idara ya maliasili, na kumbukumbu za kikao cha baraza kilichopitisha mpango wa tabianchi. Mpango wenyewe wanaweza kusema "uko kwenye rasimu". Ripoti iliyokwisha kufika Wizara ya Fedha haiwezi kuwa rasimu. Na kama kumbukumbu za kikao hazipo, basi mpango haukupitishwa, na hilo nalo ni jibu unaloweza kulishika mkononi.

Siku 21 zikapita kimya. Hatukuandika barua ya kukumbusha, kwa sababu barua ya kukumbusha inaonyesha kwamba uko tayari kuendelea kusubiri. Tuliandaa lalamiko la Hakimu Mkuu likiwa kamili: ombi lenye muhuri, risiti, hesabu ya siku, na amri tunayoomba. Kabla ya kulifungua tukapeleka nakala kwa CAO, Spika wa baraza na mwakilishi wa Rais wilayani (RDC), tukitaja siku tutakayokwenda mahakamani. Karatasi zikatoka kabla ya siku hiyo. Usidhani mahakama ni njia ya mteremko: waandishi wawili wa Daily Monitor walioomba mikataba ya mafuta walishindwa katika mahakama ya Nakawa mwaka 2010. Lakini mikataba ya mafuta ina kisingizio cha siri za biashara. Ripoti ya miche haina.

Na miche ndiyo utamu wa kazi hii. Ripoti ya idara hupenda kuandika idadi ya miti iliyopandwa, kwa kuwa ni namba nzuri na haina anayeihesabu. Hesabu yake ni nyepesi. Miti ikipandwa kwa nafasi ya mita 3 kwa 3, hekta moja inabeba 1,111, na ekari moja karibu 450. Mtu akidai amepanda 10,000, mwulize ekari 22 ziko wapi. Akisema ilipandwa kandokando ya barabara kwa nafasi ya mita 4, kilomita moja ni miti 250 kwa upande mmoja, kwa hiyo anakudai kilomita 40. Omba jina la muluka (kundi la vijiji) na kijiji, nenda na mwenyekiti wa kijiji (LC1), mkahesabu. Nenda Machi, mvua zikianza, maana Desemba hadi Februari kiangazi huwa kimechuja: kilichobaki hai ndicho kilichopandwa vizuri. Ukihesabu Oktoba unahesabu vijiti. Andika pia aina ya mti. Grevilea na mwanzi vina kazi yake. Kalitunsi, yaani mkaratusi, ukingoni mwa kijito hunywa maji mengi mno, na wanaoupanda hapo mara nyingi wanatafuta nguzo za kuuza.

Kingo za mito pia zinapimika. Kanuni za mwaka 2000 zinataka mita 100 zilindwe kila upande kwa mito iliyoorodheshwa humo kwa jina, na mita 30 kwa mingine. Tumia kamba ya mita 30 yenye fundo kila mita 5, pima kuanzia alama ya juu kabisa ya maji, siyo ukingo wa maji wa siku hiyo. Hapo ndipo maofisa hubishana nawe, kwa hiyo piga picha za takataka zilizonasa kwenye vichaka baada ya mafuriko. Ndizo alama yako.

Mpango ukiupata, usiusome kwa kutafuta maneno mazuri. Tafuta mitaro. Mipango mingi imenakiliwa kutoka wilaya kavu, na inaelekeza mitaro ya kushikilia maji mteremkoni. Shambani kwenye mteremko wa wastani hiyo ni kazi nzuri. Juu ya mteremko mkali ambao tayari una nyufa, ni hatari ya mauti: maji yanazama, udongo unazidi uzito na kuteleza juu ya tabaka la chini. Huko kinachotakiwa ni mifereji ya kuyaondoa maji pembeni hadi mahali penye mwamba au nyasi nzito, nyufa zizibwe kwa udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa, na nyumba ziondoke. Tuliikuta aya ya aina hiyo katika mpango wa wilaya na tukadai ifutwe. Ilifutwa, na ninajivunia hilo kuliko pesa zilizopatikana baadaye.

Kuhusu pesa, yote ni kalenda. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai, lakini mlango unafungwa mapema zaidi. Mkutano wa bajeti wa wilaya hufanyika Oktoba au Novemba na uko wazi kwa wananchi; rasimu huwasilishwa barazani kufikia 1 Aprili, na bajeti hupitishwa kufikia 31 Mei. Ukija Juni na mabango, unaandamania kitabu kilichofungwa. Tulimpa diwani wetu karatasi moja yenye shughuli, kijiji, kipimo, gharama, robo ya mwaka na cheo cha mhusika. Mstari wowote unaosema "kuhamasisha jamii kuhusu tabianchi" bila kijiji na bila kipimo ni semina na posho. Mwombe diwani ahoji hapohapo, mbele ya Spika. Tulichopata hakikuwa kikubwa: mifereji katika vijiji vichache vya gombolola moja (ngazi iliyo juu ya muluka), na miche ya kingo kwa bei ya kama elfu moja mmoja pamoja na usafiri. Lakini kimo ndani ya kitabu cha bajeti, chenye majina ya vijiji.

Kwa ndugu walio kwenye wilaya kumi za njia ya bomba, kuanzia Hoima hadi Kyotera, njia ni hiihii ila anwani inabadilika. Usiombe mikataba. Omba masharti yaliyoambatishwa kwenye cheti cha mazingira kilichotolewa mwaka 2020 na ripoti za ukaguzi wa masharti hayo. Anayezitunza nyaraka hizo ni NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Ukanda wa kudumu wa bomba una upana wa mita 30, na udongo wa juu uliochotwa wakati wa ujenzi unapaswa kurudishwa juu, siyo kuchanganywa na wa chini. Chimba shimo la kina cha jembe ndani ya ukanda, na jingine hatua chache nje yake, uweke udongo wa kila shimo kwenye gunia lake na uupige picha pamoja. Rangi ikitofautiana, linganisha na ripoti inayosema urejeshaji umekamilika, kisha taja kijiji na sehemu hiyo katika ombi lako linalofuata.

Sisi tunasubiri ripoti ya robo ya nne. Mwaka unafungwa 30 Juni, kwa hiyo fomu inapelekwa mwezi Agosti, nakala mbili, na kamba ya mita 30 ikiwa tayari.