Kwa nini zambarau yako inatoka kama tope

Darasani tunaambiwa nyekundu ukiichanganya na buluu unapata zambarau. Chukua nyekundu ya kawaida ya dukani, ile inayoelekea chungwa, uchanganye na buluu uone: inatoka kahawia iliyochoka.

Rangi ya kupaka haitoi mwanga, inaumeza. Nyekundu hiyo humeza kijani na buluu, na buluu nayo humeza nyekundu. Zikikutana, karibu mwanga wote umeshamezwa. Ndiyo maana wachapishaji hutumia siani (buluu inayoelekea kijani), majenta (nyekundu inayoelekea zambarau) na njano: kati ya nyekundu, kijani na buluu zilizomo kwenye mwanga, kila wino humeza moja na kuziachia mbili. Wino mweusi huongezwa kwa kuwa hizo tatu zikipandana hutoa weusi wenye ukahawia. Skrini ya simu ni habari nyingine kabisa. Yenyewe inatoa mwanga, na humo nyekundu na kijani huzaa njano.

Ukinunua rangi za tyubu, soma namba ya pigmenti, yaani ya unga unaoipa rangi yake, achana na jina. Majina ni biashara. PR122 ni majenta. PB29 ni buluu inayoelekea zambarau, PB15:3 ni buluu inayoelekea kijani, PY3 ni njano ya limau. PR122 na PB29 hutoa zambarau safi. PB15:3 na PY3 hutoa kijani kikali. PB29 ukiitia kwenye njano inayoelekea chungwa, kijani kinapooza, na kwa majani ya kiangazi hicho ndicho bora.

Rangi za mafuta za makopo, kama wanazotumia wachoraji wa Tingatinga, mara nyingi hazina namba hizo. Chota kidogo, tia nyeupe nyingi, na mwelekeo wake utajitokeza.

Anza na rangi nyepesi, kisha ongeza ile yenye nguvu kidogo kidogo. PB15:3 ni kali mno: kwa vijiko kumi vya njano, anza na robo kijiko. Ukianza na buluu utamaliza njano yote ukiikimbiza. Kupunguza ukali wa nyekundu, tia kijani kidogo badala ya nyeusi. Nyeusi kwenye njano, kwa mfano, huigeuza kijani cha zeituni, jambo linalowashangaza wengi.

Akriliki, rangi ya plastiki inayochanganywa na maji, hukauka ikiwa imekolea kuliko ilivyokuwa mbichi, kwa hiyo paka kwenye kipande cha karatasi na usubiri ikauke kabla ya kuamua. Kwa ukuta, changanya rangi yote kwenye ndoo moja. Mchanganyiko wa pili hautalingana na wa kwanza.