Jumapili Katikati ya Safari

Wapendwa katika Bwana,

Somo letu wiki hii ni Marko 6:30-34, pale mitume wanaporudi na habari za kazi waliyoifanya, na Yesu, akiona kwamba hata nafasi ya kula hawana kwa wingi wa watu wanaokuja na kwenda, anawaita wajitenge wapumzike kidogo. Nimelisoma huku nikikumbuka kisa cha vijana wa chuo kimoja cha Marekani, na tangu hapo siwezi kuvitenganisha.

Chuo chenyewe ni University of the South, kilichoko Sewanee, Tennessee, nacho kilianzishwa na maaskofu wa Kanisa la Episkopali, ndugu zao Waanglikana. Mwaka 1899 timu yake ya mpira wa Kimarekani, ule unaobebwa mikononi huku watu wakikumbana vifua, ilikuwa na meneja aliyekuwa bado mwanafunzi, Luke Lea, naye akapanga safari ambayo mtu mzima pengine angeikataa: vijana 21, kilomita zipatazo 4,000 kwa treni, na mechi 5 ndani ya siku 6. Alhamisi tarehe 9 Novemba waliifunga timu ya chuo cha Texas 12–0 mjini Austin; Ijumaa, wakiwa Houston, wakaifunga Texas A&M 10–0; Jumamosi, New Orleans, wakaifunga timu ya chuo cha Tulane 23–0. Sheria za zama zile hazikumruhusu aliyetoka uwanjani kurudi, hivyo aliyeumia alivumilia.

Jumapili tarehe 12 hawakucheza. Inasimuliwa kwamba walikwenda kutembelea shamba la miwa. Jumatatu waliifunga LSU, timu ya chuo cha Louisiana, 34–0 mjini Baton Rouge, na Jumanne Ole Miss, timu ya chuo cha Mississippi, 12–0 mjini Memphis.

Mashabiki wao hutania kwa maneno ya Mwanzo kwamba siku ya saba wakapumzika. Utani ni mtamu, ila hesabu inaukataa, kwa kuwa walipumzika siku ya nne, miili ikiwa imechubuka na mechi mbili zikiwa bado zinawangoja. Mungu alipumzika akiwa ameimaliza kazi yake. Mitume waliitwa kupumzika umati ukiwa bado njiani, tena Marko anasema umati huo ulikimbia kwa miguu ukawatangulia kule ng'ambo.

Sisemi kwamba Jumapili ile ndiyo iliyowapa ushindi. Timu ile ilikuwa hodari kweli: ilishinda mechi zake zote 12 za msimu huo, na ni timu ya chuo cha Auburn peke yake iliyopata pointi dhidi yake, ikafungwa 11–10. Pengine hata ile Jumapili ilikuwa desturi tu ya zama zao. Kinachonigusa ni mahali ilipokaa.

Jumapili iliyopita nilitoka ibadani nikafungua daftari la michango ya harusi ya kijana wetu, nikijiambia kwamba nikimaliza kuwapigia wote ndipo nitakaa na wanangu. Saa moja jioni chai niliyoletewa mchana ilikuwa ingali kikombeni, imefanya utando juu, na watoto walikuwa wamekwisha kwenda kwa jirani. Leo daftari liko kabatini, na majina 14 bado hayajapigiwa simu.