Dynare kwenye Windows, Ubuntu na MacBook: nilivyoiweka bila kununua MATLAB

Nianze na hasira kwanza. Kila niliyemuuliza namna ya kuweka Dynare alinijibu kitu kimoja, nunua MATLAB, ile programu ya hesabu ya kulipia, na aliyekuwa na roho nzuri zaidi akaongeza, nunua na laptopu mpya. Watu wazima, wengine wana digrii mbili za uchumi, wanakwambia ununue programu ya mamilioni ya shilingi ili ukimbize modeli ya equesheni sita! Mimi ni mwalimu hapa Arua, mshahara ukiingia unakuta wenyewe wameshapanga foleni, hizo milioni nitoe wapi? Leo hii Dynare inafanya kazi kwenye mashine tatu za aina tatu, nilichonunua ni bando na soda, na wale wale washauri ndio wananitumia WhatsApp saa tano usiku, "madamu, nisaidie kidogo."

Kwa asiyeijua, Dynare ni programu ya bure kutoka CEPREMAP, kituo cha utafiti wa uchumi kule Paris, kazi aliyoianzisha mchumi Michel Juillard miaka ya 1990. Inatatua zile modeli za DSGE, yaani equesheni zinazoeleza uchumi mzima unavyokwenda kipindi hadi kipindi, unaandika equesheni zako kwenye faili la .mod, yenyewe inatafuta hali tulivu ya uchumi wako, halafu inakuchorea kitakachotokea ukiupiga mshtuko, mfano riba ipande ghafla. Benki kuu kibao wanaitumia. Mimi niliitaka kwa tasnifu, maana naangalia Uganda tangu Julai 2011, Benki Kuu yetu ilipohamia kwenye kulenga mfumuko wa bei. Mwaka ule bei zilipaa mpaka asilimia 30 hivi kufika Oktoba, na riba ya Benki Kuu ikasukumwa hadi asilimia 23, aliyekuwa na mkopo wakati ule hahitaji modeli kumweleza.

Sasa Dynare haisimami peke yake, lazima ipande juu ya MATLAB au juu ya GNU Octave. Octave ni programu ya hesabu inayofanana na MATLAB, ila ni ya bure. Hilo neno Octave ndilo washauri wangu wote walikuwa wanaliruka, sijui kwa kutojua au kwa aibu ya kuonekana wanatumia vya bure.

Tuanze na Windows, ndiko nilikoteseka. Laptopu yangu ni HP ya zamani, betri yake ilishakufa, ukichomoa waya imezima. Fundi mmoja wa mjini akaniambia, "Mwalimu, wewe usihangaike, mimi ninayo MATLAB kwenye flashi, nakuwekea kwa bei ya soda mbili." Nikamwambia Dynare inafanya kazi na Octave pia, nimesoma. Akacheka, akaniambia hayo ni ya watoto wa shule. Basi nikamwachia, kwa sababu ukibishana na fundi mbele ya wateja wake unatoka na jina baya. Akachomeka flashi, akazima antivairasi, akasema hiyo ndiyo inaleta shida, akabonyeza bonyeza, taa ya diski inawaka kama krismasi, na mwisho ikaja dirisha la MATLAB inadai leseni. Akaizima, akaiwasha, inadai leseni. Akapiga simu kwa mwenzake Kampala, mwenzake akamwambia rudisha tarehe ya kompyuta nyuma. Wakarudisha tarehe! Inadai leseni. Niliporudi nyumbani nikachomeka flashi yangu yenye mitihani ya kidato cha tano, folda zote zimegeuka shotikati, ukibonyeza hakifunguki kitu. Vairasi wa shotikati, yule yule wa enzi za intaneti kafe. Mafaili yenyewe yalikuwepo, yamefichwa tu, nikayarudisha kwa amri ya Windows inayoitwa attrib, lakini huyo fundi mpaka leo nikipita pale ananisalimia kwa sauti ya chini.

Nikafuta kila kitu, nikashusha Octave. Hapa akaja mshauri wa pili, kijana tunayefundisha naye, akasisitiza chukua toleo jipya kabisa, jipya ndiyo bora. Hapana! Kwa Dynare ya Windows hili ndilo kosa linalowaua watu. Ndani ya Dynare kuna mafaili ya MEX, ambayo ni kodi iliyoshapikwa tayari kwa toleo moja maalumu la Octave. Ukiwa na Octave nyingine, hata kama ni mpya inang'aa, Dynare inalalamikia hizo MEX na kugoma. Toleo gani linaingiana na lipi limeandikwa pale pale kwenye ukurasa wa kupakulia wa Dynare, maandishi madogo ambayo hakuna anayesoma. Na matoleo ya nyuma ya Octave bado yapo kwenye seva ya GNU, unarudi tu unachukua linalotakiwa. Octave ya Windows ni mamia ya MB, kwa hiyo ukikosea unalia mara mbili, na ukumbuke kila bando tunalipia ushuru wa asilimia 12 tangu Julai 2021. Shusha usiku.

Halafu kuna lile la njia, yaani kuionyesha Octave Dynare iko wapi. Unaandika addpath c:\dynare\, namba ya toleo lako, halafu \matlab, basi. Folda ya matlab peke yake. Kuna watu wanafundisha uongeze na folda zote za ndani, eti kwa usalama. Usalama gani? Ndani mle kuna mafaili ya akiba ambayo Dynare huyaita yenyewe pale tu Octave yako inapokosa kitu fulani, ukiyamwaga yote kwenye njia yanafunika yale halali na unaanza kupata makosa ya ajabu ambayo hata mwenye programu hawezi kuyaelewa.

Ili usiandike hiyo addpath kila siku unaiweka kwenye faili linaloitwa .octaverc ndani ya folda yako ya mtumiaji. Wengi wanalitengeneza kwa Notepad, Notepad inalibatiza .octaverc.txt kimya kimya, na Windows inaficha ile .txt, kwa hiyo unaliangalia faili liko pale, jina sahihi, na Octave haitaki kulisoma. Ujanja ni kuandika jina ndani ya alama za nukuu wakati wa kuhifadhi, ".octaverc" hivyo hivyo na nukuu zake. Huo ujanja niliugundua mwenyewe na ninaudai heshima.

Na faili lako la modeli usiliite modeli-yangu.mod, hicho kistari inakikataa, wala usianze jina na namba, wala usiache nafasi. modeli_yangu.mod, kistari cha chini, inakubali.

Ubuntu sasa, hapa ndipo ninapojisifu. Kaka yangu ana kompyuta ya mezani kule nyumbani, Dell nzito ya kizamani, niliiwekea Ubuntu, mfumo wa bure wa Linux unaokaa mahali pa Windows, siku nyingi kwa sababu Windows ilikuwa inaichosha. Kwenye Ubuntu maisha ni mepesi, unaandika sudo apt install dynare, inaleta Dynare na Octave yake inayoingiana nayo, hata addpath huandiki. Shida ni kwamba nyumbani kwa kaka mtandao ni kijiti kimoja, kikipata. Wi-Fi ya maana iko chuoni. Dell ile huwezi kuipakia kwenye boda, ina monita ya mgongo! Kaka akasema, "Si uiache tu, utumie ile ya kwako?" Nikamwambia subiri.

Kwanza nikaunganisha simu kwa waya, nikafanya sudo apt update kwa bando dogo. Hiyo usiiruke, orodha ya vifurushi ikiwa ya zamani utapewa anwani za mafaili ambayo seva imeshayaondoa. Kisha nikaiambia apt, ile amri ya Ubuntu ya kuweka programu, isishushe kitu, inipe tu anwani za kila inachotaka kushusha:

apt-get -y --print-uris install dynare | cut -d"'" -f2 | grep ^http > orodha.txt

Ikatoka faili ndogo ya maandishi, mistari na mistari, kila mstari kifurushi kimoja. Nikaihamishia kwenye simu. Kwenye simu nina Termux, ile programu inayokupa taminali ya Linux ndani ya Android, nikaweka humo wget, amri ya kushusha mafaili. Kesho yake nikaenda chuoni, nikakaa chini ya mwembe karibu na maktaba ambapo Wi-Fi inafika bila kuingia ndani, nikaandika wget -c -i orodha.txt. Mafaili yakaanza kuteremka moja moja, libu hii, libu ile. Ile -c ndiyo mkombozi, Wi-Fi ikikatika unarudia amri ile ile inaendelea pale ilipoishia. Askari wa getini akaja kuniuliza, "Mwalimu, unamngoja nani?" Nikamwambia nangoja Octave. Akasema hajapita hapa.

Jioni nikarudi kwa kaka, waya, nikahamisha vyote kwenye folda moja. Kuna mtu aliwahi kuniambia vifurushi hivyo unavitupa kwenye /var/cache/apt/archives na apt itavikuta. Itavikuta vingine tu, maana kuna vifurushi ambavyo apt inavitarajia na jina lenye %3a katikati na wget inavishusha bila hiyo alama, basi apt inadhani havipo inataka mtandao tena. Njia safi ni kuingia kwenye folda yenyewe na kuandika sudo apt install ./*.deb, hiyo nukta na mkwaju usivisahau. Ikajipanga, ikamaliza, bila intaneti, kaka anaangalia kama naroga. Nikaleta example1.mod, modeli ya mfano inayokuja na Dynare, kwa flashi kutoka kwenye laptopu yangu, nikafungua Octave, nikaandika dynare example1, yakatoka madirisha mawili ya grafu, moja la mshtuko e na moja la u, na chini kabisa Total computing time, sekunde chache. Kwenye Dell ile!

Kitu kimoja tu, Ubuntu inakupa Dynare ya wakati toleo lako la Ubuntu lilipotoka, kwa hiyo inaweza kuwa nyuma kuliko ya Windows, na faili lililoandikwa kwa Dynare mpya linaweza kununa. Kwa tasnifu yangu haikunisumbua.

MacBook sikuigusa kwa mkono, niliifanya kwa simu na binamu yangu aliyeko Kampala. Yeye MATLAB anayo ya halali, chuo chake cha nje kilimpa, na MacBook yake ni ya M1, chipu ya Apple wenyewe. Akashusha kifurushi cha Dynare kilichoandikwa arm64, maana kila mtu alimwambia M1 ni arm64. Ikagoma. Akaniambia, "Dada, nimefanya kila kitu." Nikamwambia fungua MATLAB, andika neno computer halafu enta, nisomee inachosema. Ikasema MACI64. Basi! MATLAB yake ilikuwa ya zamani, iliyotengenezwa kwa Mac za Intel, inapita kwa mkalimani wa Apple anayeitwa Rosetta, kwa hiyo Dynare inayomfaa ni ile ya x86_64 hata kama chuma chenyewe ni M1. Ingesema MACA64 ndipo arm64 ingemfaa. Unafuata MATLAB ilivyo, siyo kompyuta ilivyo. Mac pia ilikataa kufungua kifurushi ikisema haimjui aliyekitengeneza, unaenda kwenye mipangilio, sehemu ya faragha na usalama, unairuhusu hapo.

Mwenye Mac asiye na MATLAB aweke Homebrew, ambayo kwa Mac ni kama apt, aandike brew install dynare, inamletea na Octave. Kisha ndani ya Octave anaweka nyongeza mara moja tu, pkg install -forge io statistics control struct optim. Hii inataka mtandao wa kweli na subira, usiianze ukiwa na bando la siku moja.

Wiki iliyopita yule kijana wa toleo-jipya-ndiyo-bora amenipigia, Dynare imeharibika, imeandika Blanchard & Kahn conditions are not satisfied. Nikamwambia haijaharibika, hiyo ni Dynare nzima inakwambia modeli yako ndiyo haina suluhisho moja tulivu, hao ni Blanchard na Kahn wa mwaka 1980, wala siyo mambo ya kuinstoli. Nitumie faili. Akanituma. Mtaji wake kwenye equesheni ya uzalishaji kauandika k, wa kipindi hiki, badala ya k(-1), wa kipindi kilichopita, yaani kiwanda kinazalisha leo kwa mashine zitakazonunuliwa leo jioni. Akarekebisha, ikakimbia, akanitumia picha ya grafu na vidole gumba vitatu, akauliza kama sasa anunue MATLAB.