Kozi ya chanjo ilivyoniingia kwa kutikisa vichupa viwili

"Usijisumbue na video. Nenda moja kwa moja kwenye mtihani wa mwisho, bahatisha, chukua cheti ulale." Ndivyo alivyoniambia mwenzangu wa zamu nilipojiandikisha kwenye kozi ya mtandaoni ya kinga kwa watoto. Nilikuwa nimechoka, nikamsikiliza. Nikapata 54, na ya kufaulu ilikuwa 80.

Alama hazikuniuma kama swali moja. Mtoto ameletwa kupata chanjo ya surua, ana kikohozi chepesi na joto 37.8. Utafanya nini? Nilijibu arudishwe nyumbani mpaka apone. Jibu lilikuwa: achanjwe leo leo. Mafua, kikohozi chepesi, kuhara kidogo au homa ndogo havimzuii mtoto kupata chanjo. Miaka yote hiyo nimewaambia kina mama "mlete akipona", na wapo ambao sikuwaona tena. Usiku ule sikulala vizuri. Kesho yake nikaanza moduli ya kwanza.

Video nilizipakua usiku wa manane mtandao ukiwa mwepesi. Bando liliteketea, sikuhesabu. Walio kwenye zamu wasijidanganye kwamba watapata saa tatu za kusoma. Mimi nilisoma dakika 20 kabla ya kuingia kazini, na kila kitu nikakiandika kwa mkono.

Nilipokwama ni kwenye mnyororo baridi, yaani kutunza chanjo kwenye ubaridi unaofaa toka kiwandani hadi kwa mtoto, hasa jaribio la kutikisa, lile la kutambua chanjo iliyoharibika kwa kuganda. Niliirudia ile video mara tatu. Kwenye kioo cha simu vichupa vyote viwili, kilichoganda na kisichoganda, vilikuwa vyeupe tu! Nikamwomba mkuu wa kliniki vichupa viwili vya penta, chanjo ya magonjwa matano, vilivyopita muda, vya toleo moja, vilivyokuwa vikisubiri kuteketezwa. Kimoja nikakiandika USITUMIE kwa kalamu nyekundu, nikakilaza kwenye friza hadi kikawa jiwe. Asubuhi nikakiacha kiyeyuke chenyewe mezani, bila kukipasha moto.

Kisha nikavishika vyote kwa mkono mmoja, nikavitikisa kwa nguvu kama sekunde 15, nikavisimamisha kwenye mwanga wa dirisha. Mwanzoni vilifanana kabisa, kama maziwa. Baada ya dakika chache kile chenye wino mwekundu kikaanza kuonyesha chembechembe, kama maziwa yaliyokatika. Zikashuka polepole. Kabla nusu saa haijatimia, juu palikuwa na maji yanayopenya mwanga na chini tope jeupe, huku jirani yake bado ana ukungu ule ule. Nikawaita wenzangu wote waje waone, hata yule aliyeniambia nibahatishe. Alikaa akikitazama muda mrefu kuliko sisi sote.

Toka siku hiyo penta haigusani na ukuta wa barafu kwenye jokofu letu, na kipimajoto nakisoma mwenyewe asubuhi na jioni: kati ya nyuzi 2 na 8, basi. Jaribio hili usilifanye kwa chanjo ya surua, ile ni unga na kuganda hakuidhuru. Na kichupa cha penta ulichokikuta kimeganda kabisa hakihitaji kutikiswa, kitupe.

Mtihani niliurudia nikapata 92. Lile swali la kikohozi lilikuja tena.

Siku ya kliniki iliyofuata mama mmoja alikuwa ameshakunja kadi. "Nesi, ana mafua huyu, nitamleta wiki ijayo."

"Hapana mama, hebu kaa kwanza."

Nikampima mtoto joto: 37.4. Nikamwangalia anavyopumua, yuko sawa, ananyonya vizuri. Nikamweleza mama yake kwa nini mafua hayazuii chanjo, akaifungua tena ile kadi, nikaandika tarehe ya siku hiyo.