Mkono ulionigomea ubaoni

Nilikuwa nimetoka kuugua mafua makali yenye homa, siku kama kumi zimepita. Saa nane usiku nikaamshwa na bega la kulia, utadhani mtu anapigilia msumari kutoka kwapani kwenda shingoni. Nililala chali, nikalala ubavu, mwisho nikakaa kitini hadi adhana ya alfajiri. Nimejifungua mara mbili. Ningepewa nichague, ningerudi leba.

Zahanati wakasema nimelalia mkono, wakanichoma sindano ya maumivu. Eksirei haikuonyesha kitu. Mama mkwe akasema ni baridi, akanichua kwa mafuta ya nyonyo mpaka nikalia. Simlaumu, hata mimi nilishaanza kuwaza mambo ya kurogwa.

Baada ya wiki mbili maumivu yakapungua, nikashukuru mapema mno. Siku niliyorudi darasani niliinua chaki niandike tarehe, mkono ukaishia usawa wa kidevu. Nikausukuma kwa mkono wa kushoto. Watoto wakacheka, wakidhani nawachezea. Kipindi kizima niliandika nusu ya chini ya ubao.

Aliyelibaini tatizo ni mtaalamu wa fiziotherapia. Bega hakuligusa kwanza. "Dada, simama hapo, usukume ukuta kwa viganja vyote viwili." Akanipiga picha ya mgongo kwa simu yangu mwenyewe: kombe la bega la kulia limechomoza kama bawa la kuku aliyenyonyolewa. Akaniandikia niende kwa daktari wa mishipa ya fahamu.

Huko nikapimwa umeme wa misuli kwa sindano. Daktari alisema kipimo hicho kingefanywa wiki ya kwanza huenda kisingeona kitu. Ugonjwa unaitwa Parsonage-Turner, kwa majina ya madaktari wawili wa Uingereza walioueleza mwaka 1948. Inaaminika kwamba kinga ya mwili, ikishaamshwa na maambukizi, hugeukia neva za begani. Kwangu iliangukia ile inayoshuka ubavuni kuendesha msuli unaoshikilia kombe la bega kwenye mbavu. Aliniuliza pia kama nakosa pumzi nikilala chali, kwa sababu neva ya kiwambo, ule msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu, nayo huweza kuguswa. Dawa za steroidi huweza kusaidia maumivu zikianzwa mapema. Mimi nilikuwa nimeshachelewa.

"Nitapona lini?" Akanijibu kwamba neva hukua kama milimita 1 kwa siku. Nyumbani nilipima kwa uzi kutoka shingoni hadi ubavuni, nikaunyoosha kwenye rula: sentimita 25 hivi. Siku 250, na hapo msuli haujaanza kupata nguvu. Hesabu ile ilinituliza kuliko dawa yoyote.

Haikunizuia kufanya ujinga, lakini. Nilijaza mchanga kwenye chupa za maji nikawa nanyanyua kila jioni. Nilichopata ni shingo kukakamaa, kwa sababu misuli mizima ilikuwa inabeba kazi ya ule uliolala. Nikagombezwa. Mazoezi yangu yakawa kulala chali na kuinua mkono mtupu taratibu, mara chache chache, na kuacha kabla sijachoka.

Maisha mengine niliyashusha chini. Kamba ya kuanikia nguo ilifungwa usawa wa kifua. Nywele nilinyoa, na blauzi nikashona za vifungo vya mbele. Masomo niliyaandika nyumbani kwenye karatasi za manila, mezani. Tarehe aliandika monita, mrefu yule, naye akajiona mwalimu msaidizi. Daladala ya kusimama niliiacha ipite. Usiku mto chini ya mkono.

Mwezi wa kumi na moja tangu niugue niliandika tarehe mwenyewe, juu kabisa, kwa herufi zilizopinda. Monita alinuna. Nikichoka bado kombe huchomoza kidogo, na kamba ya nguo sijaipandisha.