Mjane Hatulii kwa Kuvuta Pumzi Tu

Mimi ni mshauri nasaha hapa Mwanza, na wateja wangu wengi ni wajane. Walionisimamia nikianza kazi walisema mirathi haituhusu, sisi ni kusikiliza na kumfundisha mtu kutulia. Ushauri huo unanikera mpaka leo. Mama hapati usingizi kwa sababu mashemeji wanapima kiwanja anachoishi, halafu umwambie avute pumzi ndefu!

Ukimuuliza moja kwa moja kama anaonewa, atajibu hapana, tunaishi vizuri tu. Mambo ya ukoo hayaanikwi mbele ya mgeni. Kwa hiyo mimi huuliza hivi: "Cheti cha kifo cha marehemu kiko kwa nani?" Hapo ndipo mambo hufunguka. Mama mmoja (nasimulia kwa ridhaa yake) alikunjakunja ncha ya khanga, kisha akasema, "Kwa shemeji, dada. Na kadi ya benki. Na wanataka nirithiwe na mdogo wa marehemu."

Nikamweleza kifungu cha 68 cha Sheria ya Ndoa ya 1971: mjane yuko huru kuishi anakotaka, kuolewa na amtakaye au kutoolewa kabisa, hata mila ikisema vingine (aliyeolewa Kiislamu humaliza eda kwanza). Akaniomba nirudie. Nikarudia.

Sikumwendea ukweni, maana hilo lingemponza. Tulifanya mazoezi ofisini, mimi nikiwa shemeji, tena shemeji mkorofi. Mwanzoni aliangalia sakafu na kuomba radhi kabla hajasema neno. Nikamwambia aondoe "samahani", abakize heshima. Tukarudia mpaka sauti ikaacha kutetemeka: "Shikamoo shemeji. Nimefuata cheti cha mume wangu, nakipeleka mahakamani." Alikwenda na balozi wa mtaa kama shahidi, akapewa. Wangemnyima, angeomba nakala RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo.

Yaliyobaki alisaidiwa na msaidizi wa kisheria, bure, kwa mujibu wa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Kopi na nauli hazikuzidi elfu chache. Wafahamu wasaidizi hao kabla hujawahitaji. Namba zao nimezibandika ukutani. Mahakama ya mwanzo ilimteua mama huyo kuwa msimamizi wa mirathi, na orodha ya mali akaiwasilisha ndani ya miezi minne kama inavyotakiwa. Ndipo tukaanza kuzungumzia msiba wenyewe, naye akawa na nafasi ya kuomboleza.